Injini mpya ya ndani kwenye mashua ya tanga inasumbua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila swali lililo hapa chini lina mzizi mmoja. Injini ni mpya, mashua ni ile ile. Tangi la mafuta ni la zamani, nyaya ni za zamani, shafti na propela vilichaguliwa kwa ajili ya injini iliyong'olewa. Injini iliyotoka kiwandani ni nadra kuwa mbovu yenyewe. Ugonjwa hukaa pale kipya kinapoungana na cha zamani. Kwa hiyo kabla hujafungua bolti hata moja ya injini, fuata kila mpira, waya na kamba inayoingia ndani yake, uone unatokea wapi.

Majibu haya yanahusu dizeli yenye ekzosi inayopozwa kwa maji ya bahari, maana ndiyo iliyo kwenye mashua nyingi za tanga.

Stata inazungusha injini vizuri, lakini haiwaki. Nianzie wapi?

Anzia kwenye koki ya maji ya bahari, ile inayoingiza maji ya kupozea kutoka nje ya mashua: ifunge. Najua umeuliza habari ya kuwasha, lakini hili linatangulia. Kila unapopiga stata, pampu ya maji ya bahari inazunguka pamoja na injini na kusukuma maji kwenye ekzosi. Injini ikiwaka, moshi unayatoa maji hayo nje kule tezi, nyuma ya mashua. Isipowaka hakuna cha kuyasukuma. Yanajaa kwenye tangi la ekzosi, yanapanda, yanaingia ndani ya silinda kupitia valvu. Kuna injini zilizokufa zikiwa na saa sifuri kwa sababu hiyo, mwenyewe akiwa anahangaika na mafuta.

Basi piga stata koki ikiwa imefungwa, na ikishika tu ifunguliwe papo hapo, kwa sababu impela, gurudumu la mabawa ya mpira ndani ya pampu ya maji ya bahari, haivumilii kuzunguka kavu. Ukimaliza na kuiacha koki imefungwa, tundika funguo ya injini kwenye mpini wake ili usisahau. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo. Ipumzishe dakika nzima kabla ya kurudia.

Sasa kuwaka kwenyewe. Angalia kwa macho, si kwa kudhani, wenzo wa kuzimia ulio kwenye pampu ya nozeli, yaani pampu inayosukuma dizeli kwenye nozeli zinazoinyunyiza ndani ya silinda. Kamba yake ikifungwa fupi kidogo tu, wenzo unabaki nusu ya njia na mafuta hayapiti. Kama injini inazimwa kwa umeme, soma kitabu chake: zipo zinazohitaji umeme ili zizime, na zipo zinazohitaji umeme ili ziendelee kuwaka. Aliyefunga nyaya akizoea aina moja, huunganisha nyingine vivyo hivyo. Ukishaondoa hilo, na koki ya tangi imefunguliwa, kilichobaki karibu kila mara ni upepo kwenye mafuta.

Upepo kwenye mafuta unatolewaje?

Nozeli hufunguka kwa msukumo wa mafuta. Upepo hubonyea, mafuta hayabonyei. Kukiwa na kiputo kwenye paipu, pampu inakibonyeza kiputo na nozeli haisikii kitu. Ndiyo maana injini nzima inaweza kususa kwa sababu ya hewa isiyojaza kijiko.

Fuata njia ya mafuta kutoka tangini kuja kwenye injini, usiruke hatua: chujio la kwanza linalotenga maji, pampu ndogo ya kuvuta mafuta, chujio la pili lililo juu ya injini, pampu ya nozeli, halafu nozeli zenyewe. Kila kituo kina skrubu yake. Ilegeze mzunguko mmoja au zaidi kidogo, weka kitambaa chini, kisha piga kiwenzo cha pampu ndogo kwa kidole gumba. Ukikuta kiwenzo hakina uzito wowote, pampu si mbovu: kemu, kijino cha ndani ya injini kinachoisukuma pampu hiyo, imeikalia. Zungusha injini kidogo kwa spana kwenye puli ya kranki, kitarudi kuwa kizito.

Tazama kinachotoka. Kwanza ni povu kama la sabuni. Halafu mafuta yenye viputo vinavyokuja kimoja kimoja, na hapo ndipo wengi hukaza skrubu wakidhani wamemaliza. Endelea kupiga mpaka mafuta yatoke kama uzi bila kukatika, uongeze mapigo kumi, ndipo ukaze huku bado unapampu. Mwisho legeza nati za paipu kwenye nozeli nusu mzunguko, piga stata mpaka mafuta yatoke kwa kuruka, kaza. Mara nyingi itaanza kukohoa kabla hujafika nati ya mwisho. Usipeleke kidole wala uso karibu na paipu hizo.

Onyo kwa wenye injini za kisasa za komoni reli, ambazo nozeli zote hulishwa na paipu moja yenye msukumo mkubwa: msiguse nati za paipu za msukumo mkubwa. Mafuta humo yana nguvu ya kutoboa ngozi, na utoaji wa upepo una taratibu zake kwenye kitabu.

Iliwaka, ikaenda dakika kumi, ikafifia na kuzima. Nikitoa upepo inawaka tena, kisha yale yale.

Basi kuna mahali inavuta upepo, au mafuta hayafiki ya kutosha. Upande wa kuvuta, yaani kutoka tangini mpaka pampu ndogo, ni msumbufu kwa sababu tundu lake halidondoshi mafuta. Linanyonya hewa kimya kimya. Utapapasa paipu zote, zote kavu.

Kuna jaribio moja linalokata mzizi wa fitina. Chukua dumu safi la dizeli, liinue juu ya injini, liunganishe kwa mpira mmoja moja kwa moja kwenye pampu ndogo, uache tangi na chujio la kwanza nje ya mchezo. Usisahau mpira wa mafuta yanayorudi. Uelekeze humo humo kwenye dumu. Washa, iache ifanye kazi nusu saa. Ikienda bila wasiwasi, injini haina kosa. Rudi nyuma kwenye kila kiungo cha zamani. Ikizima hata hivyo, kosa liko kwenye pampu ndogo au mbele yake.

Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza mchana mzima hivyo. Niliweka kipande cha mpira unaopenyeza mwanga baada ya chujio, nikakaa na tochi. Kila baada ya muda kiputo kidogo kama punje ya mchele kilipita kwenye ule mpira. Nilibadilisha klampu, nikabadilisha mpira, vikaendelea kupita. Kumbe ni washa moja ya shaba iliyo chini ya bolti ya chujio, niliyoirudisha ya zamani kwa sababu ilionekana nzima. Tangu siku hiyo washa za shaba nikifungua natupa.

Na kama hakuna upepo? Tangi la zamani lina tope chini. Mashua ikilala vizuri bandarini, tope limetulia. Ikitikiswa na mawimbi, linapanda na kuziba mrija wa kuvutia. Angalia pia tundu la kupumulia la tangi. Fungua kifuniko cha kujazia mafuta: ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo, tangi lilikuwa linakosa pumzi.

Nikigeuza funguo nasikia "ka!" basi, kimya.

Kabla ya kulaumu stata, chukua mita. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu 12.6. Mwambie mwenzako apige stata huku unapima kwenye vichwa vya betri vyenyewe, kisha upime kwenye stata. Betri ikibaki juu ya 10 na stata inapata 8, umeme unapotea njiani: swichi kuu iliyooza ndani, waya mwembamba, au waya wa hasi uliofungwa juu ya rangi. Hili la rangi ni la injini mpya hasa. Kiwanda hupaka rangi kila mahali, na waya wa hasi unahitaji chuma kitupu. Kwangua, kaza, paka grisi juu yake.

Lakini kama betri na nyaya ni nzuri na injini haizunguki kabisa, acha kupiga stata. Soma swali la maji kwenye silinda, hapa chini.

Inachemka.

Toka nje utazame ekzosi kwanza. Maji yanatoka kwa wingi na kwa mapigo? Basi maji ya bahari yanafika, tatizo liko kwenye maji ya ndani ya injini. Yanatoka kidogo na mvuke mwingi? Ni upande wa bahari.

Upande wa bahari: koki haijafunguliwa yote, chujio la magugu lina mfuniko usiokaza na linavuta hewa, mpira wa kuvutia umejikunja au ni laini na unajifunga ukivutwa, au impela imekatika mabawa. Impela mpya ikizunguka kavu inaharibika chini ya dakika moja, na siku ya kwanza ya majaribio ndiyo siku ya kuisahau koki. Ukikuta bawa limekatika, litafute kipande kwa kipande. Vipande huenda kukaa kwenye mdomo wa kipozeo na vitakusumbua tena baada ya kuweka impela mpya.

Upande wa maji ya ndani, mchawi ni hewa iliyonaswa. Ukiwa na tangi la kupashia maji ya kuogea lililounganishwa na injini, na tangi hilo limekaa juu kuliko mfuniko wa kujazia maji wa injini, hewa haina pa kutokea. Dawa ni kuweka tangi dogo la upanuzi mahali palipo juu kuliko vyote. Kwa mara ya kwanza legeza mpira wa juu kabisa, jaza taratibu mpaka maji yatokee hapo. Injini ikiwa ya moto usifungue mfuniko, hata kama una haraka.

Nimekuta oili imekuwa kama maziwa, au injini imekwama baada ya mashua kulala. Maji yameingiaje?

Swali hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu jibu lake huwa limeandikwa kwenye karatasi za ufungaji ambazo hakuna aliyezisoma.

Maji ya bahari yanachanganywa na moshi kwenye kiko cha ekzosi, nyuma tu ya injini. Kiko hicho kikiwa chini ya usawa wa bahari, au juu yake kwa kiasi kidogo tu, mpira wa maji unageuka kuwa mrija wa kunyonyea. Injini imezimwa, wewe umekwenda zako, maji yanaendelea kuteremka polepole kupitia pampu mpaka tangi la ekzosi linafurika ndani ya injini. Kinga yake ni kuupandisha mpira huo juu ya usawa wa maji, kwenye kilele chake ukaweka valvu ya kuvunja mnyonyo, inayoruhusu hewa iingie injini ikizimwa. Vitabu vya injini hutaja umbali ambao ukipungua valvu ni lazima. Pima mashua ikiwa majini na ikiwa na mizigo yake, maana injini mpya iliyo fupi kuliko ya zamani huweka kiko chini kuliko kilivyokuwa. Na valvu hiyo huziba kwa chumvi, kwa hiyo ioshe kwa maji matamu kila msimu.

Ikiwa imeshatokea: usipige stata. Maji hayabonyei, na pistoni ikikutana nayo, koni rodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, hupinda. Funga koki, ondoa maji kwenye tangi la ekzosi, toa nozeli zote, zungusha injini kwa mkono mpaka maji yatoke juu. Badilisha oili na chujio lake, iwashe mpaka ipate moto, badilisha tena, na tena, mpaka oili iwe na rangi ya oili. Fanya siku hiyo hiyo. Chumvi haisubiri wikiendi.

Inatetemeka kuliko ile ya zamani. Ni kawaida?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Dizeli ndogo za silinda mbili au tatu, zikiwa silensa (zinazunguka polepole bila kuongezwa mafuta) juu ya mauntini laini (miguu ya mpira inayobeba injini), hucheza sana kisha hutulia ukiongeza mafuta. Hakikisha tu silensa haiko chini ya kiwango cha kitabu. Mtetemo unaoongezeka mashua ikiwa kwenye gia ni habari nyingine: injini na shafti haviko kwenye mstari mmoja.

Kupima kunafanyika mashua ikiwa majini, imekaa siku moja au mbili, kamba za mlingoti zimekazwa. Mashua iliyopimwa juu ya magogo hubadilika umbo ikishushwa. Fungua bolti za kiungo cha giaboksi na shafti, tenganisha sahani zake mbili, kisha zirudishe zigusane. Shafti iliyoachwa huru huinama kwa uzito wake, kwa hiyo ishikilie ikae katikati. Chukua fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia) upime nafasi kati ya sahani mahali pa saa 12, 3, 6 na 9. Kwa sahani yenye kipenyo cha milimita 100, tofauti isizidi milimita 0.1, ni kama unene wa karatasi ya kawaida.

Sasa zungusha sahani ya shafti robo mzunguko bila kugusa injini, upime tena. Kama nafasi pana imebaki pale pale, rekebisha mauntini. Kama imehama pamoja na sahani, shafti imepinda au sahani haikukaa sawa, na utazungusha nati za mauntini mpaka kesho bila faida. Kipimo hiki cha pili wengi hawakifanyi.

Kiungo cha mpira kati ya giaboksi na shafti si dawa ya mstari uliopinda. Kinaficha kelele tu, bearing zinaendelea kuliwa. Mauntini mpya hushuka kidogo zikishabeba uzito, kwa hiyo pima tena baada ya saa chache za kazi.

Kitabu kinasema mizunguko 3,600 kwa dakika, yangu inaishia 3,100 na moshi mweusi. Nimeuziwa injini dhaifu?

Sivyo. Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuungulia, au mzigo uliozidi. Kabla ya yote hakikisha mita ya mizunguko inasema kweli. Nyingi husoma kutoka kwenye altaneta na lazima zipangwe upya kwa injini mpya. Azima kipimo cha mwanga, elekeza kwenye puli.

Kisha fungua chumba cha injini ukiwa unakwenda kwa mafuta yote. Mizunguko ikipanda, chumba kinaikaba injini; sponji mpya za kuzuia kelele hufanya hivyo mara nyingi. Isipobadilika, ni propela, mradi tumbo la mashua ni safi. Propela ya injini ya zamani, kwa giaboksi yenye uwiano mwingine, ni bahati nasibu. Kupunguza pichi, yaani mwinamo wa mabawa ya propela, kwa inchi moja huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200, na mwenye karakana ya propela anaweza kuipinda hiyo hiyo uliyo nayo. Ikipita kiwango cha kitabu bila kujitahidi, propela ni ndogo. Lengo ni ifikie kiwango chake kwenye gia, mafuta yote, maji yakiwa matulivu.

Nikiweka gia ya mbele inarudi nyuma!

Ama kamba ya gia imefungwa upande usio wake, ama injini mpya inazungusha shafti kinyume na ya zamani na propela ni ya mkono mwingine. Usikimbilie kubadilisha kamba tu: baadhi ya giaboksi hazikutengenezwa kwenda safari nzima kwenye upande wa rivasi. Kitabu chake kitasema. Kama kamba ni sahihi lakini gia inateleza, itoe kamba ushike wenzo wa giaboksi kwa mkono. Ukiona wenzo unakwenda mbele kuliko kamba ilivyokuwa inaufikisha, klachi ilikuwa haishiki yote, na inaungua.

Moshi mweupe je? Wa bluu?

Mweupe asubuhi ya baridi, ukapotea injini ikipata moto, usikusumbue. Usiopotea na wenye harufu ya dizeli ni mafuta yasiyoungua. Usio na harufu ni mvuke, rudi kwenye maji ya bahari. Wa bluu ni oili. Kwa injini mpya, kwanza angalia kama imejazwa kupita alama: injini iliyokaa imeinama kuelekea tezi humdanganya mtu na kijiti cha kupimia.

Altaneta haichaji.

Ikiwa nzima, utaona kati ya volti 14 na 14.4 kwenye betri. Ukiona 12.5, angalia mkanda, maana mpya hulegea saa za mwanzo, kisha taa ya onyo kwenye dashibodi. Kwenye altaneta nyingi, taa hiyo ndiyo inayoipa umeme wa kuamkia. Balbu ikiungua au ikiachwa bila kuunganishwa, altaneta inalala. Ukiongeza mafuta kwa nguvu ikaamka, umeshapata jibu. Na usizime swichi kuu ya betri injini ikiwa inazunguka. Diodi huungua mara moja.

Inakataa kuzima.

Vuta wenzo wa kuzimia kwa mkono kwenye pampu yenyewe; ujue ulipo leo, mchana. Ukikosekana, funga mafuta au ziba mdomo wa hewa kwa ubao, kamwe si kwa kiganja.

Glandi ya shafti, kizuizi cha maji pale shafti inapotoka nje ya mashua, inadondosha maji.

Ya pakingi (kamba maalum iliyozungushiwa shafti) inatakiwa idondoshe matone machache kwa dakika shafti ikizunguka. Iliyokazwa mpaka ikauke hupata moto na kuila shafti. Ile isiyodondosha haitakiwi kudondosha kabisa, ila aina nyingi zinahitaji kutolewa hewa kwa mkono kila mashua inaposhushwa majini.

Niibembeleze siku za mwanzo?

Usiibembeleze. Ringi za pistoni hukaa kwa kupewa mzigo. Kuiacha silensa bandarini saa nzima ili "izoee" ndiyo njia ya kuifanya inywe oili maisha yake yote. Ipashe moto, ipe kazi ya wastani, badilisha mwendo mara kwa mara, gusa mafuta yote kwa dakika chache. Oili na chujio la kwanza hubadilishwa mapema, mara nyingi kabla ya saa 50. Humo utaona vumbi la chuma, usishtuke. Siku hiyo hiyo kaza klampu zote na nati za mauntini.

Naweza kuitumia tanga likiwa juu na mashua imelala upande?

Kwa pembe iliyotajwa kwenye kitabu, ndiyo. Ikizidi hapo pampu ya oili inaweza kuvuta hewa, na upande wenye koki ukiinuka juu ya maji, impela nayo inakauka. Taa ya oili ikimeta mashua inapolala, zima kwanza. Ukiwa unakwenda kwa tanga peke yake injini ikiwa imezimwa, acha giaboksi kwenye nyutro au rivasi kama kitabu chake kinavyoelekeza, si kwenye gia ya mbele.